Kabla ya Kutia Sahihi



Katika jumuiya zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi liko swali linaloulizwa sala ikiisha, watu wakiwa wamesimama tayari kwenda zao, na mara nyingi anayeliuliza ni mke kuliko mume. Mtu akiumia kazini, je, inafaa kutafuta wakili? Na kama inafaa, lini? Ndani yake mna maswali mawili. Moja ni la dhamiri: Mkristo atampelekaje mwajiri wake mbele ya mahakama bila kuvunja amani? La pili ni la hesabu: wakili hulipwa, na nyumba ambayo mshahara wake umekatika itampata kwa nini? Tunaona kwamba wengi hukwama kwenye lile la kwanza, wakangoja miezi mingi, na wanapofika kwenye la pili karatasi zimekwisha kutiwa sahihi na mashahidi wametawanyika.

Tuanze basi na dhamiri. Wapo wanaokumbusha upesi maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorinto, aliyewaonea haya ndugu waliopelekana mbele ya waamuzi wapagani. Somo hilo ni la kweli, nalo lazima lituume tunapogombania mpaka wa kiwanja au deni dogo kati ya waumini wa parokia moja. Lakini Paulo huyohuyo, alipopigwa bakora huko Filipi bila hukumu, alikataa kutoka gerezani kimyakimya. Alitaka mahakimu waje wenyewe kumtoa. Na mbele ya Festo aliomba kesi yake ipelekwe kwa Kaisari, kwa kuwa sheria ilimpa haki hiyo. Aliwaaibisha wenye nguvu sawa waliokuwa wakivutana. Hakuwafundisha wanyonge kunyamaza mbele ya mwenye nguvu. Mjane wa Luka, sura ya 18, alikuwa mwenye kesi. Bwana wetu hakuona vibaya kumfanya kielelezo cha sala.

Nasi Wakongomani tunaye wa kwetu. Mwenye Heri Isidori Bakanja, mlei, fundi wa kujenga aliyebatizwa mwaka 1906, alipigwa mijeledi kikatili na wakala wa kampuni aliyechukia skapulari yake na sala zake. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909 kwa vidonda hivyo, na Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Sote tunajua kwamba alimsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Tunasahau jambo moja: mkaguzi wa kampuni alipopita, Isidori alijitokeza, akauonyesha mgongo wake, akaeleza nani alimpiga na kwa nini. Msamaha wake haukuficha kidonda. Wanaowaambia majeruhi wetu kwamba kusema ukweli mbele ya mkaguzi ni kukosa msamaha, tunawaomba wamtazame tena mtu huyu wanayemwimbia kila mwaka.

Mafundisho ya Eklezia hayakusita katika jambo hili. Tangu Papa Leo XIII alipotoa barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, mwaka 1891, Mapapa wamerudia kwamba mapatano kati ya tajiri na mwenye njaa si ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Naye Papa Yoane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alitaja kwa jina matunzo ya afya baada ya ajali za kazini, akataka yawe rahisi kupatikana, na ikiwezekana yawe bure.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi, kwa maana hofu nyingi hutokana na kutoijua. Wafanyakazi wengi hudhani kwamba kutangaza ajali ni kumshtaki bosi. Sivyo. Kwa hifadhi ya jamii, ajali ya kazi ni ile inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au wakati wa kazi, hata kama yeye mwenyewe alikosea; na njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi huhesabiwa pia. Hakuna anayelazimika kuthibitisha kosa la mtu. Ndiyo maana kila mwezi mwajiri hupaswa kuulipa mfuko wa CNSS, ambao wazee wetu bado huuita INSS, asilimia 1,5 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini. Sehemu hiyo huilipa yeye peke yake, bila kumkata mfanyakazi. Mfuko upo ili ajali isigeuke ugomvi. Mwajiri anayetangaza ajali kwa wakati hajidhuru; anayeificha, mara nyingi anaficha jambo jingine, yaani kwamba hakumwandikisha mfanyakazi wake au hakulipa michango.

Kwa hiyo si kila jeraha linahitaji wakili, na tunasema hivyo wazi kwa sababu wapo wanaowasukuma watu kwenye kesi ili wapate chao. Kijana aliyekatwa kidole, akapelekwa hospitali siku hiyohiyo, ajali yake ikatangazwa, daktari akaandika, akaendelea kupata haki zake, kisha akarudi kazini mwake, wakili atamfanyia nini? Amshukuru Mungu, aweke karatasi zake mahali pakavu. Hata kukiwa na matata, mlango wa kwanza ni Mkaguzi wa Kazi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaagiza kwamba kesi ya mfanyakazi mmojammoja haipokelewi na mahakama ya kazi kabla ya kupita kwake ili kujaribu mapatano. Mtu anaweza kwenda kwa Mkaguzi bila wakili, akiwa na barua fupi iliyoandikwa vizuri. Anaweza kusindikizwa na mjumbe wa sendika. Pande mbili zikipatana, huandikwa PV ya mapatano. Zisipopatana, huandikwa PV ya kutopatana, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mapatano yakiwa ya haki, hapo ndipo neno la Bwana katika Matayo, la kupatana na mshitaki wako mkiwa bado njiani, linapotimia kabisa.

Lakini kabla ya ofisi ya Mkaguzi kuna mahali pengine ambapo kesi nyingi huamuliwa bila mtu kujua kwamba imeamuliwa. Ni kitandani hospitalini.

Wahenga husema mgonjwa haulizwi uji. Siku hizi mgonjwa huulizwa sahihi. Mtu amelala, mguu umefungwa, dawa ya maumivu bado inamlevya. Mkewe anahesabu deni la hospitali, naye anajua, kama sisi sote tunavyojua, kwamba katika hospitali zetu nyingi asiyelipa haruhusiwi kutoka. Anakuja mtu wa kampuni, mwenye adabu, pengine na matunda mkononi. Anasema kampuni ina huruma, italipa hospitali, na itaongeza kitu kidogo kwa watoto. Kinachotakiwa ni sahihi tu kwenye karatasi hii ya Kifaransa. Karatasi inasema mengi, lakini maana yake ni moja: nimepokea, nimeridhika, sidai tena chochote, leo wala kesho.

Tulitafakari jambo hili zamu nyingi katika shirika letu, na kila tulipolitafakari tulirudi mahali pamoja. Kinacholetwa kama zawadi ni deni. Matunzo ya mfanyakazi aliyeumia, hospitali na dawa, si sadaka ya kampuni. Sheria imekwisha kuyaweka juu ya mwajiri na juu ya mfuko. Anayetoa kile anachodaiwa, kisha akaomba abadilishiwe na haki nyingine zote, hajatoa kitu. Amenunua, tena kwa fedha ya yule anayeuza. Wala hakuna haraka yoyote ya kweli katika karatasi ile. Mguu bado haujapona, hakuna daktari anayeweza kusema utabaki na kasoro kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinachoamua kama mtu atapewa malipo ya mara moja au pensheni ya maisha. Mwenye kuomba sahihi kabla ya daktari kupima anajua kwa nini anaharakisha.

Basi, jibu letu kwa swali la "lini" ni hili kwanza: siku utakapoletewa karatasi ya kukufungia madai yako, siku hiyo unamhitaji wakili, hata kama jeraha ni dogo, hata kama aliyeileta ni mtu mwema na jirani wa parokia. Si lazima kwa ajili ya kesi. Ni kwa ajili ya kusomewa. Saa moja ya wakili anayekueleza kila mstari kwa lugha unayoielewa ina bei ndogo, na pengine atakuambia utie sahihi, kwa kuwa fungu ni la haki. Jibu la kumpa mgeni wa kampuni halina matusi: "Baba, asante kwa kufika. Niachie karatasi, nitaisoma na watu wa nyumbani, nitakurudishia jibu." Akikataa kuiacha, amekwisha kukueleza iliyo ndani.

Zipo saa nyingine, ingawa hazina ujanja kama hiyo. Mwajiri anapokana kwamba ajali ilitokea kazini, au anaposema, "Huyu si mtu wetu." Jeraha linapoacha ulemavu, au mtu anapokufa. Mkataba unapovunjwa mtu akiwa bado na magongo. PV ya kutopatana inapotoka. Na ajali inapokuwa imesababishwa na mtu mwingine nje ya mwajiri, kwa mfano lori la kampuni nyingine barabarani. Hapo kanuni ya zamani ya mwaka 1888, katika kifungu cha 258 ambacho wanasheria wetu wote wanakijua, inamdai aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake arekebishe madhara aliyoyafanya, na njia hiyo si ya CNSS wala si ya Mkaguzi wa Kazi. Katika mambo hayo kujitetea peke yako si unyenyekevu. Upande wa pili una wakili wake tangu siku ya kwanza.

Lile neno "si mtu wetu" lataka tukae nalo kidogo, maana ndilo janga la mikoa ya migodi. Kijana anavaa kofia ya kampuni kubwa, anapita kwenye lango lake, anafanya kazi kwa mashine zake. Lakini mkataba wake, kama upo, ni wa kampuni ndogo iliyopewa sehemu ya kazi, na pengine hiyo nayo ilimpokea kutoka kwa kampuni ya tatu. Akiumia, kila moja inaonyesha kidole kwa mwenzake. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kanuni za kazi hizo za kugawiana, lakini majeruhi hawezi kuzifuata akiwa kitandani. Kujua nani hasa ni mwajiri ni kazi ya mtu wa sheria, na ifanywe mapema, kwa kuwa kampuni ndogo inaweza kumaliza mkataba wake, ikafunga ofisi na kuhama kabla bandeji haijatolewa. Kuhusu wachimbaji wadogo wa mashimo, ambao hawana mwajiri wa kuandikwa popote, njia ni nyembamba zaidi, nao wanastahili ukurasa wao. Hapa tunasema tu kwamba aliyeangukiwa na udongo kwa kosa la mtu mwingine hajakosa haki kwa sababu hana mkataba.

Wakili hata awe hodari hatengenezi ushahidi usiokuwapo. Kwa hiyo, siku ya ajali na siku zinazofuata, kabla ya kumfikiria yeyote, jamaa waandike: saa ngapi, mahali gani, mashine ipi, nani alikuwa msimamizi wa zamu, nani aliona. Majina ya watu watatu waliokuwapo yana uzito kuliko hotuba. Cheti cha kwanza cha daktari kiombwe na kihifadhiwe, nacho kiseme kwamba mgonjwa aliletwa kutoka kazini. Karatasi za mshahara, kadi ya kuingilia langoni, picha za simu, vyote viwekwe pamoja. Tena siku hazingoji: madai yanayotokana na mkataba wa kazi kwa kawaida hufa baada ya miaka 3, na yale ya mshahara baada ya mwaka 1. Miaka 3 huonekana mingi kwa mtu mzima; kwa mgonjwa hupita kama wiki.

Tuje kwenye fedha. Umaskini haumnyimi mtu wakili kwa sheria, ingawa mara nyingi unamnyima kwa matendo. Sheria ya mwaka 1979 juu ya mawakili iliagiza kila chama cha mawakili kiwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na cheti cha umaskini cha komini husaidia kuonyesha kwamba mtu hana uwezo huo. Ofisi hizo hazina watu wengi, na asiyejua kwamba zipo hapati kitu. Kumwonyesha ndugu njia ya kufika huko ni tendo la huruma linalotosha kwa wiki nzima. Sheria hiyohiyo inatambua pia watetezi wa mahakamani, ambao si mawakili lakini wanaruhusiwa kutetea watu katika mahakama za chini. Wapo wazuri. Watu wa kuogopa ni wale wanaozunguka nje ya majengo ya mahakama wakiwa na mkoba na tai, wasio mawakili wala watetezi, wanaopokea dolari hamsini na kupotea. Jina la wakili wa kweli limo katika orodha ya chama chake, na kuuliza huko si kumdharau.

Mkipatana naye, mapatano yaandikwe: atafanya nini, atalipwa kiasi gani, lini, na kesi ikishindwa itakuwaje. Kila franka anayopewa iwe na risiti. Apewe nakala, wala si karatasi za asili. Na fedha za fidia zikitoka, ijulikane tangu mwanzo zitapita mkononi mwa nani. Hatusemi hayo kwa kuwashuku mawakili, ambao wengine ni wanachama wetu; Mtakatifu Ivo, msimamizi wao, anakumbukwa hasa kwa kuwatetea maskini. Lakini kati ya watu wema, maandishi hulinda urafiki.

Hatuwezi kuyasema haya kwa kampuni tu. Katika nyumba zetu sisi walei kuna mlinzi wa usiku, dereva, mama anayepika, fundi anayepanda juu ya bati bila kamba. Katika shule, zahanati na majengo ya parokia kuna wengine. Wangapi wana mkataba? Wangapi wameandikwa CNSS? Fundi akianguka kutoka ukutani kwa kanisa linalojengwa, kamati ya ujenzi itamletea karatasi gani kitandani? Tunaomba kila kamati ijibu swali hilo kwenye kikao chake kijacho, kabla ya kupandisha bati lingine, na jibu liandikwe katika kitabu cha kikao. Parokia ambayo mfanyakazi wake atalazimika kumtafutia wakili haitakuwa na la kuhubiri tarehe 1 Mei.

Jambo la mwisho linawahusu wanawake. Mfanyakazi akifa kwa ajali, mjane na watoto wana haki kwenye mfuko, lakini mfuko hautambui machozi, unatambua vyeti. Wengi wetu tumefunga ndoa kwa mahari na kwa baraka ya padri, tukaona inatosha. Ndoa isiyoandikwa kwenye ofisi ya hali ya raia katika komini humwacha mjane akithibitisha mbele ya watu wageni kwamba alikuwa mke, huku jamaa ya marehemu wakitaka wao ndio wapokee. Mtoto asiyeandikwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa huhitaji hukumu ya mahakama ili apate cheti, na hukumu hiyo huombwa kwa shida zaidi baba akiwa amekwisha kuzikwa. Katika kesi za namna hiyo wakili anahitajika mara moja, wala asingojwe hadi matanga yaishe. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ingeweza kufanywa bure, mume akiwa hai na mzima, kwa asubuhi moja ya kwenda komini na mashahidi wawili. Makatibu wa jumuiya wanaoandika majina ya wanandoa kwa ajili ya Jubilei za ndoa wanaweza, katika daftari lilelile, kuongeza safu moja ya kuuliza: je, cheti cha komini kipo?